Mlima Uliopandwa kwa Viatu vya Kanisani

Ujumbe wa Mama Chebet uliingia kwenye grupu siku ya Jumatatu: "Jumamosi tukutane Kikopey. Kila mtu akuje na njaa yake." Wenzangu walijibu kwa vidole gumba na picha za mbuzi. Mimi niliusoma nikaketi. Mama Chebet ndiye kiongozi wa kundi letu la kupanda milima, na kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kumaliza ujumbe kwa nukta. Humaliza kwa bendera ya Kenya na mikono inayoomba. Safari hii palikuwa na nukta, tena mbili. Mtu wa umri wake akianza kuweka nukta ana jambo. Kufikia Jumatano nilikuwa nimeamua kwamba ni mgonjwa, Alhamisi nikawa nimeshamzika, na Ijumaa nilisimama mbele ya kioo nikijaribu maneno ya kumfariji bintiye.

Jumamosi, pale Kikopey penye mabanda ya nyama choma kando ya barabara, nilimkuta ameshafika, mzima, akibishana na mwenye bucha juu ya mbavu za mbuzi. Kitu kipya alichokuwa nacho ni mkongojo. Alikuwa pia na mfuko wa karatasi ya kaki, umekunjwa mdomo, ameuweka mezani kati ya kachumbari na chumvi, na sisi wa zamani tuliutambua papo hapo. Gitau, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Bahati, aliuona akiwa ananawa mikono akasahau kufunga mfereji.

"Mathe," alisema, "hizo viatu bado ziko?"

"Ziko. Kuja uketi, unamwaga maji ya wenyewe."

Sikula vizuri siku hiyo. Kila nilipoutazama ule mfuko nilirudi kwenye mwaka niliomaliza chuo kikuu, mwaka ambao viatu vile vyeusi vilisafiri hadi Ireland na mimi nikatumwa kuvifuata kama shahidi.

Nilikuwa nimesomea hesabu za bima, fani ya kukadiria mabaya yote yanayoweza kumpata binadamu na kuyatafutia bei. Kumfundisha mtu wa tabia yangu fani hiyo ni kama kumpa mlevi ufunguo wa baa. Kazi haikupatikana. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Free Area, Nakuru, chenye kitanda, meko ya gesi na dirisha lililotazama mlima Menengai, na humo nilishinda nikipima hatari: kwamba gesi inavuja polepole, kwamba katika barua ya kuomba kazi nimemwita Bwana mtu ambaye ni Bibi, kwamba maharagwe ya jana yamelala vibaya. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila asubuhi nilikunywa chai pamoja na jirani zangu bila wao kujua. Siku moja nikamsikia mke akiuliza kama yule kijana wa next door bado yuko, maana hajamwona kwa kamba ya nguo. Mumewe akajibu, mdomo umejaa mkate, "Yuko. Amesoma mpaka akaogopa mlango." Niliutazama mlango wangu kwa muda mrefu. Haukuwa na kosa lolote. Jumamosi iliyofuata nikajiunga na kundi la kupanda Menengai.

Mama Chebet alikuwa mwalimu wa chekechea aliyestaafu, mjane, muuzaji wa mahindi na maharagwe pale Rongai, mfupi na mpana, na shingoni alining'iniza filimbi ya chuma aliyotoka nayo shuleni. Filimbi ile ilikuwa na kazi moja tu. Aliipuliza mara moja, akaanza kutembea, wala hakuangalia nyuma. Siku yangu ya kwanza nilimkimbilia nikamuuliza anajuaje kama watu wote wanamfuata. "Kijana," alisema bila kupunguza mwendo, "watoto wa nursery ukiwaangalia wanaketi. Ukienda, wanakuja." Gitau alikuwa naibu wake, na aliitaka filimbi ile kwa moyo wake wote, tena waziwazi, jinsi mtu anavyotaka shamba la jirani. Alisema siku akiishika yeye, kundi litakuwa na ratiba, mapumziko yanayoeleweka na wimbo. Ni yeye aliyenibatiza jina la Prof.

Mwaka huo huo tukapata wageni. Walikuwa watembezi kutoka kisiwa cha Achill, magharibi mwa Ireland, waliotupata mtandaoni wakaomba tupande nao mlima Longonot. Kiongozi wao aliitwa Brendan, mzee mrefu mfugaji wa kondoo, mpole, mwenye mikono kama koleo. Jua la Naivasha na hewa yetu nyembamba viliwashughulikia kabla ya kufika ukingo wa kreta. Brendan alibadilika rangi akawa mwekundu, halafu mweupe, halafu rangi ambayo sijaiona tena, akaketi chini ya kichaka cha leleshwa. Mama Chebet alimmenyea ndizi. Alipoondoka kuwatazama wengine, mzee aliniinamia akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka wenzake wasikie, kama upande wa pili kuna barabara ya gari.

Tuliporudi tukapitia Kikopey, maana kundi letu haliwezi kushuka mlima likaenda nyumbani bila nyama. Baada ya mbavu na ugali Brendan alipata tena sauti yake. Akatuambia kwamba kwao pia kuna mlima, uko kando ya bahari, chini yake pana kijiji cha kale cha mawe kisicho na watu, na kwa lugha ya kwao jina lake, Slievemore, maana yake ni Mlima Mkubwa. Gitau akafuta vidole, akatoa simu. Alitazama, akafuta kioo, akatazama tena.

"Ni mita ngapi, Gitau?" mtu akauliza.

"Mia sita na kitu."

"Elfu ngapi na mia sita?"

"Mia sita peke yake. Hakuna elfu."

Kicheko kilianzia mwisho wa meza kikaja kama moto wa nyasi. Lazima mtu awe wa upande wetu ndipo aelewe. Sisi tumezaliwa juu. Nakuru mjini, mtu akiwa amelala kitandani na viatu amevua, yuko karibu mara tatu ya kimo cha ule mlima. Gitau alisema kuku wake hutaga juu kuliko hapo. Mwingine akasema sasa anaelewa kwa nini wameuita Mkubwa, ni kama kumwita mtoto wako Jitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mlima huo unaanzia wapi. Mimi, ninayejiuliza kila kitu, nilicheka pamoja nao. Longonot tunaupanda baada ya gari kutufanyia zaidi ya nusu ya kazi. Mlima wa Brendan unaanzia baharini, kwenye sifuri, na kila mita ni ya miguu yako.

Katikati ya kicheko hicho Mama Chebet, aliyekuwa anafyonza mfupa, aliuweka chini akasema, "Hiyo mimi nitaipanda na viatu za kanisa."

Kundi letu halina katiba, lakini lina sheria moja: jambo ukilisema Kikopey mbele ya meza nzima, umelisema. Gitau alisimama na kipande chake cha nyama mkononi.

"Wamesikia wote?"

Wote walikuwa wamesikia. Hata aliyekuwa anachoma alikuwa amegeuka.

"Na ukishindwa, mathe?"

"Nikishindwa, filimbi ni yako."

Brendan aliomba atafsiriwe. Alipoelezwa hakucheka. Alitazama viatu vya Mama Chebet chini ya meza, akatazama nje barabarani, akasema kwa upole kwamba klabu yao itatuma tiketi mbili, yake na ya shahidi.

Shahidi nilikuwa mimi kwa sababu mbili. Kwanza, ni mimi peke yangu niliyekuwa na pasipoti tayari; ya Mama Chebet ilikuwa bado kuombwa. Niliitafuta nikiwa chuoni baada ya kufikiria kwamba siku moja huenda nikahitaji kukimbia nchi kwa kosa nisilolijua. Pili, Gitau alisema siwezi kudanganya. "Huyu akidanganya anatoka jasho kwa masikio," aliwaambia. "Akirudi tutamuuliza. Masikio yakikauka, ni kweli."

Miezi iliyofuata hapakuwa na Jumamosi iliyopita bila Gitau kuuliza habari ya viatu. Vimepigwa rangi? Vimeombewa? Vina visa? Vyenyewe vilikuwa viatu vya kawaida vya mama wa kanisa, vyeusi, vya kisigino kifupi, na kifungo cha dhahabu pembeni, na Mama Chebet alikataa kata kata kuvijaribu hata kwenye mteremko wa Menengai. Alisema ni vya Jumapili. Muda mfupi kabla ya safari, binti yake Chebet aliniita Rongai. Tulikaa jikoni, yeye akikata sukuma wiki, mimi nikinywa chai ya maziwa iliyokuwa na utando mzito, na mama yake tulimsikia dukani mbele akimwambia mteja kwamba kama anataka mahindi yasiyo na vumbi aende akanunue mkate.

"Ukimkataza amepanda tayari," Chebet alisema. "Kwa hivyo usimkataze. Bebea yeye buti zake kwa bag yako, chini kabisa, asione. Goti lake la kushoto haliko sawa na hataki kuambiwa. Nirudishie mama yangu akiwa anatembea."

Nilimwahidi. Kisha nikarudi Free Area na buti zile nikaanza kupakia mambo mengine: dawa ya goti, bandeji, filimbi yangu ya dharura, blanketi la karatasi ya fedha linalong'aa, biskuti za glukosi, na mfuko wa chumvi ambao mpaka leo sikumbuki ulikuwa wa nini. Begi lile nilipolivaa nilirudi nyuma hatua kadhaa bila kutaka.

Jambo la kwanza nililoliona Ireland ni hewa. Ilikuwa nzito kama uji. Tulipanda ngazi tukiwa na mizigo na hatukuhema, na Mama Chebet alinigeukia akasema, "Prof, huku mtu anaweza kukimbia mpaka achoke na kukimbia." Nyumba ya Brendan ilikuwa nyeupe, chini, imeupa upepo mgongo. Jikoni palikuwa na jiko la chuma ambamo walichoma vipande vya udongo mweusi waliouchimba bondeni wakaukausha. Ulinuka moshi mtamu kama wa maziwa ya kibuyu, na Mama Chebet alivuta kiti karibu akafumba macho kwa furaha. Mke wa Brendan, Nuala, alitupakulia viazi. Viazi vya kuchemsha, viazi vya kuponda, na juu yake supu ambayo pia ilikuwa na viazi. Mimi ni mtu wa Mau Narok, nyumbani kwa viazi. Nilikula kwa heshima na kwa ujuzi, na Nuala aliponiuliza kama nimewahi kuonja viazi hapo awali, Mama Chebet alicheka mpaka akashika meza.

Asubuhi iliyofuata niliwasikia wenyeji wetu kupitia ukuta. Nadhani kuta zimekuwa shule yangu ya pili. Nuala alikuwa anauliza, "Hana viatu vingine kweli?" Brendan akajibu, "Anavyo vile vya Jumapili." Kisha Nuala, "Na kijana je?" "Kijana ana kila kitu," Brendan alisema. "Sijui kama anaweza kusimama."

Tulianzia kwenye kile kijiji cha mawe. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyonyesha bali inakaa tu hewani. Nyumba zilikuwa zimepangana kwa mstari mrefu chini ya mlima, kuta za mawe bila paa, milango iliyobaki milango bila chochote cha kufunga. Brendan alisema watu walipoacha kuishi hapo moja kwa moja waliendelea kurudi na ng'ombe wakati wa kiangazi, wakalala humo wakichunga. Mama Chebet aliingia katika nyumba moja, akaangalia mahali pa moto, akatoka akasema ng'ombe wangekaa upande ule wa chini, si ndiyo? Brendan akashangaa, akasema ndiyo. Kondoo walikuwa kila mahali, wamepakwa alama nyekundu na buluu mgongoni. "Hawa wamepigwa rangi kama lorry," alisema. Nami nikaona kwenye mteremko, chini ya nyasi, matuta marefu yaliyolala sambamba, nikajua bila kuambiwa kwamba watu hawa walipanda viazi hadi mahali ambapo mlima ulikataa. Viatu vya kanisani vilikuwa vinaenda vizuri kwenye njia ya changarawe. Nilianza kuwa na matumaini, na hiyo kwangu ni dalili mbaya.

Tulipoyapita magofu, ardhi ikageuka sifongo. Ilibonyea ukiikanyaga, halafu ikafikiria kidogo kabla ya kukurudishia mguu. Mama Chebet alipiga hatua, akapiga nyingine, na ile iliyofuata mguu ulirudi peke yake. Alibaki amesimama kwa mguu mmoja kama flamingo wa ziwani kwetu, akitazama shimo dogo jeusi lililokuwa linajifunga taratibu. Brendan alipiga magoti bila neno, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, uso umegeukia pembeni kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Kiatu kilitoka na mlio ambao ningependa kuusahau. Kilikuwa kimejaa tope jeusi hadi juu. Kifungo cha dhahabu kilikuwa hakionekani.

Tukarudi kwenye nyumba ya karibu isiyo na paa, tukamketisha juu ya jiwe. Huko juu ukungu ulikuwa unaushuka mlima kama mtu anayevuta shuka. Nilifungua begi, nikapita chumvi, nikapita blanketi, nikatoa buti zake.

Alizitazama muda mrefu. "Ni Chebet."

"Ni Chebet."

"Wewe ni kijana mzuri. Rudisha."

"Mama, goti lako..."

"Hizo ni viatu za kupanda mlima. Nikivaa hizo, nimepanda kama kila mtu, na Gitau amepata filimbi." Alifuta mguu kwa soksi. Akaongea akiwa ameangalia mahali pa moto, si mimi. "Jumatatu mpaka Ijumaa watu wananiita wa mahindi. Mathe, bei gani. Mathe, pima vizuri. Jumapili mimi ni mjane wa safu ya pili. Hiyo Jumamosi peke yake, nikipuliza, watu wazima na akili zao wananifuata na hawajui tunaenda wapi. Sasa nikampe Gitau, atuletee ratiba?"

Nilizirudisha buti begini. Katika mambo yote niliyoyapakia, jibu la hilo sikulipakia.

Brendan alikuwa kando, kwenye kijito kilichopita nyuma ya ukuta, akiosha kiatu kwa kidole gumba kama anayeosha kikombe. Nilimweleza kwa ufupi shida ilivyo. Aliendelea kuosha. Kisha akasema kwamba nyanya yake alizaliwa upande ule wa pili wa kisiwa, na kwenda Misa walitembea miguu mitupu, yeye na dada zake, viatu mkononi, wakipita kwenye tope hili hili. Walipofika kanisani waliosha miguu kwenye kijito, wakavaa viatu wakiwa wameegemea ukuta, wakaingia. Walikuwa na pea moja moja, alisema, na haikuwa ya kuharibia njiani.

Nilimtafsiria Mama Chebet. Aliinua kichwa.

"Mwambie na sisi."

Nilimwambia, na nilipokuwa nikimwambia nikaiona: Mau Narok wakati wa masika, ukuta wa nje wa kanisa letu la mabati, gambuti za mpira zimepangwa mstari mzima zikidondosha tope, na akina mama wameinama wakijipangusa miguu kwa nyasi, wakitoa viatu safi kwenye mifuko, mmoja ameshika bega la mwenzake. Kwaya ikiwa ishaanza ndani.

"Muulize kama mke wake ana gambuti," Mama Chebet alisema.

Zilikuwa kwenye gari. Brendan alizifuata, akarudi nazo, za kijani, na zilimtosha Mama Chebet kama zilizoagizwa. Viatu vyake aliviweka kwenye mfuko wa kaki uliokuwa na mkate wa Nuala. Mkate aliugawa tukaumaliza hapo hapo. Alikunja mdomo wa mfuko, akaubana kwapani, akasimama, akapuliza filimbi mara moja. Kondoo walikimbia. Sisi tukamfuata.

Sitadanganya kwamba nilipanda vizuri. Mapafu yetu ya Nakuru yalikuwa na kazi ndogo, lakini upepo ulilishika begi langu ukaligeuza tanga, na mteremko ulizidi kusimama wima kila nilipodhani umemaliza kusimama. Zaidi ya hayo nilikuwa na swali. Alisema ataupanda na viatu vya kanisani. Je, kuvibeba ni kupanda navyo? Na kama navyo maana yake ni miguuni, je, ni kwa njia yote au ni kwa kufika? Nililigeuza swali hilo kwenye mvua, kwenye mawe, kwenye ukungu ambamo niliona gambuti mbili tu za kijani zikipanda mbele yangu, na kila nilipopata jibu nilimsikia Gitau akilibomoa. Nilikuwa shahidi, na sikujua nilichokuwa nashuhudia.

Kileleni pana nguzo fupi ya zege. Hapakuwa na kitu kingine. Bahari, ambayo Brendan alituapia kwamba iko chini yetu pande zote, hatukuiona; hatukuona hata miguu yetu vizuri. Mama Chebet aliegemea nguzo kama ukuta wa kanisa. Alivua gambuti, akajipangusa miguu kwa nyasi, akaweka mkono kwenye bega langu, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. Alinyoosha sketi. Alirekebisha kitambaa cha kichwa.

"Piga picha."

"Tungoje ukungu upungue, mama. Hakuna kitu kinaonekana."

"Mimi naonekana. Piga."

Nilipiga. Alishuka akiegemea mkono wa Brendan, goti limevimba, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini ili asije akalia. Nuala alimkanda goti kwa maji ya moto, na asubuhi alikuwa anatembea. Nilimtumia Chebet ujumbe wenye neno moja: "Anatembea." Akajibu, "Na kiatu gani?" Sikujibu.

Tuliporudi, kundi zima lilikuwa Kikopey linatungoja, na Gitau alikuwa amevaa koti la sherehe. Picha ilizunguka meza mkono kwa mkono. Ilimwonyesha Mama Chebet, nguzo, viatu, na weupe.

"Hii ni Timboroa," alisema Gitau.

"Gitau."

"Mathe, nakuheshimu. Viatu naona. Mlima sioni. Hii ukungu nimeendesha gari ndani yake nikienda Eldoret." Aliiweka simu chini, akanigeukia. "Prof. Simama. Watu waone masikio."

Nilisimama.

"Mlifika juu?"

"Tulifika."

Walinikagua masikio. Yalikuwa makavu.

"Alipanda na viatu za kanisa?"

Mafuta yalisikika yakidondoka kwenye makaa. Mama Chebet hakunitazama. Alikuwa amekwisha kuivua filimbi shingoni na kuiweka mezani mbele yake, akaiwekea mkono juu. Ningeweza kusema ndiyo. Masikio yangu yangesema mengine.

"Alianza navyo," nilisema. "Tope likameza kimoja. Akavaa gambuti. Viatu akavibeba kwa mfuko, akavivaa juu."

Meza ilivuta pumzi. Gitau alitabasamu polepole, kwa huzuni karibu, jinsi mtu anavyotabasamu akipewa kitu alichokingoja hadi kikachelewa.

"Gambuti," alisema. "Basi, mathe. Ni sawa tu. Leta filimbi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia niketi, na lile swali nililolibeba mlima mzima lilikuwa bado liko kichwani, limegeuzwa pande zote, limelainika kwa kugeuzwa.

"Gitau," nilisema, "kanisani kwenu Bahati, masika, unaenda na viatu gani?"

"Hizi." Alitoa mguu chini ya meza. Kiatu cha kahawia, kimeng'aa.

"Kutoka nyumbani?"

Aliurudisha mguu chini ya meza.

"Mwambie," alisema mkewe, aliyekuwa ameketi kando yake wakati wote akila kimya kimya. "Mwambie vile unaachanga gambuti kwa geti ya kanisa, na mimi ndio nimebeba viatu kwa handbag."

"Na Jumapili hiyo," nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa shwari ajabu, "mtu akikuuliza umeenda kanisani na viatu gani?"

Gitau alitazama meza. Nusu ya watu walikuwa tayari wanacheka, maana nusu ya watu walikuwa na gambuti zao kwenye milango ya makanisa yao, huko Elburgon, huko Molo, huko Njoro. Akautazama mfuko wa kaki uliokuwa mbele ya Mama Chebet, akautazama uso wa mkewe. Akaketi.

"Hizi," alisema. "Rudisha filimbi kwa shingo, mathe. Na mtu aniongezee mbavu."

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, ile ya mkongojo, baada ya nyama, Mama Chebet alipoufungua ule mfuko na kuvitoa viatu, vyeusi bado, na kile kilichomezwa kikinuka kwa mbali lile tope la Achill, sote tuliinama kuvitazama. Alisema daktari amelitazama goti na amesema linataka kubadilishwa, na yeye amekubali, na viatu hivi atavivaa siku ya kutoka hospitali akitembea. Amelisema mbele yetu ili iwe amelisema. Halafu akaivua filimbi, akaiweka mezani.

"Nani?"

Nilimtazama Gitau. Kila mtu alimtazama Gitau. Aliinyoosha mikono yake mizito, akaigusa filimbi kwa kidole, akaisukuma kidogo, ikasimama karibu na sahani yangu.

"Magoti yangu pia yameenda, mathe," alisema. "Na huyu hata akiwa amelala anatafuta ni nini inaweza kutuua. Mimi nitalala vizuri."

Nina kazi sasa, na chumba chenye kuta za mawe. Bado ninaogopa mlango. Nilifikiria ratiba, nilifikiria bima ya kundi, nilifikiria mvua ya Aprili na mtu atakayevunjika mguu upande wa nyuma wa Longonot. Nilifikiria pia midomo na vijidudu, na miaka ya filimbi moja kinywani mwa mtu mmoja.

"Nitaichukua," nilisema.

Gitau akasimama na mfupa mkononi. "Wamesikia wote?"

Niliipangusa kwa kitambaa, ndani na nje, nikaipuliza. Watu wa meza za jirani waligeuka, na mhudumu akaja mbio na ugali ambao hatukuuagiza. Mimi nikabaki nimeketi, nikiwatazama wenzangu mmoja mmoja nione kama wameisikia vizuri.

"Sio hivyo," alisema Mama Chebet. "Ukishapuliza, unatembea."

"Niende wapi, mama?"

"Tembea."

Nilisimama. Nilipita kati ya meza, nikampita mchomaji, nikatoka kwenye jua, kuelekea pale magari yanapoegeshwa, bila kujua nitafanya nini nikilifikia la mwisho. Nyuma yangu nikasikia benchi zikisukumwa, na mkongojo ukigonga saruji. Sikuangalia.